Kusaka visanduku vya mihuri makaburini

SWALI: Nina siku moja ya mapumziko hapa Boston, Marekani, na nataka kusaka visanduku vya mihuri kwenye makaburi ya mjini (vimefichwa, kila kimoja kina muhuri na daftari, na hutafutwa kwa maelekezo ya dira na hatua). Nibebe nini?

JIBU: Muhuri wako wa mpira, daftari la karatasi nene lisilo na mistari, pedi ya wino, kalamu, dira na kitambaa cha kufutia. Ukikipata kisanduku, gonga muhuri wake kwenye daftari lako na wako kwenye lake, kisha andika tarehe. Shika muhuri uso juu, uugongegonge kwa pedi; ukiukandamiza kwenye pedi, wino hujaa mifereji na picha hutoka doa. Subiri ukauke kabla ya kufunga daftari.

Wengi hupotelea kwenye dira. Hapo Boston sindano huelekea magharibi ya kaskazini halisi kwa nyuzi 14 hivi, na usiporekebisha tofauti hiyo, kwa hatua 20 utakosea karibu hatua tano.

Usisogeze jiwe la kaburi wala kuchimba. Tafuta kwenye mizizi na kuta. Kukiwa na mazishi, ondoka, kisanduku hakina miguu. Unaporudisha kisanduku, futa mchanga mdomoni mwa mfuko wa plastiki wenye daftari lake: chembe moja tu huingiza maji, na daftari huota ukungu.