Kwenda Jinja kuuona Mto Nile kwa siku moja: yaliyotukuta sisi

Mkuu, umeuliza kama wanafunzi thelathini wakitoka Kampala asubuhi wanaweza kuuona Mto Nile pale Jinja na kurudi jioni, na kama safari yenyewe ina maana. Wanaweza, na ina maana kubwa. Sisi tulikwenda tukiwa mwaka wa pili, Watanzania na Wakenya, pamoja na Waganda waliokuwa wenyeji wetu.

Kosa letu lilikuwa kuondoka saa tatu. Ni kilomita 80 hivi tu, lakini ndiyo barabara ya malori yanayotoka Mombasa, na foleni ya Mukono ilitumaliza. Halafu tukasimama Namawojjolo, soko la vyakula kando ya barabara, kila mtu anataka kuku wa kuchoma na gonja, yaani ndizi za kuchoma. Tukaingia Jinja saa saba kasoro. Ninyi ondokeni saa kumi na mbili asubuhi, kuku mtakula mkirudi.

Majaketi ya kujiokolea yahesabuni kabla ya kulipa. Boti tuliyokodi ilipungukiwa manne, na mwenye nayo akatuambia maji yametulia, hakuna shida. Tuligoma kupanda mpaka yakaletwa. Msione haya kugoma, mkondo wa pale una nguvu kuliko unavyoonekana.

Waambie wenzako mapema kwamba hawatakuta maporomoko. Yale aliyoyaona Speke, mvumbuzi wa Kiingereza aliyekuwa akitafuta chanzo cha Nile, tarehe 28 Julai 1862, akayaita Ripon, yalifunikwa na maji baada ya bwawa la Owen Falls, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, kukamilika mwaka 1954. Jiwe kwa Kiganda ni ejjinja, na jina la mji limetoka kwenye miamba ya hapo mtoni. Mji umebaki na jina, miamba imezama. Baadhi yetu walinung'unika, "Ndiyo hii tu?" Ila mkizima injini mtaona: nyuma yenu ziwa limelala, mbele maji yanaanza kuvuta, yanajikunja, yanatoa viputo, na minandi wamekaa juu ya matawi wanakausha mabawa. Kaeni hapo hata nusu saa. Kwenye bustani ya ukingoni kuna sanamu ya Gandhi, kwa kuwa sehemu ya majivu yake ilimwagwa pale mwaka 1948. Hiyo dakika kumi zinatosha.

Kilichonibakia mimi ni ubishi uliozuka ndani ya boti. Mwongozaji alisema hapa ndipo Nile inapozaliwa. Dada mmoja wa kwetu, mzaliwa wa Kyaka, mkoani Kagera, Tanzania, akamuuliza: "Kaka, mto wetu wa Kagera unaingia ziwa hili hili. Hapa unazaliwaje tena?" Yule kijana hakukasirika, alizima injini na wakaanza kujadiliana. Maji mengi ya Ziwa Victoria ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Katika mito inayoliingia, Kagera ndio mkubwa kuliko yote, na vijito vyake vinaanzia milima ya Burundi na Rwanda. Mto unaotoka ni mmoja tu, huu wa Jinja. Kwa hiyo wote wawili walikuwa na haki, inategemea unaanza kuhesabu wapi. Dada akaongeza kwamba babu yake aliliona daraja la Kyaka lilivyovunjwa na majeshi ya Idi Amin wa Uganda mwaka 1978, na maji yaliyopita chini ya daraja lile yalikuja kutokea huku, Uganda. Waganda waliokuwa nasi walinyamaza, kisha mmoja akamwomba asimulie zaidi. Tulizungumza mpaka boti ikagusa ukingo, na hata kwenye basi hatukuacha.

Kwa hiyo bebeni ramani kubwa ya karatasi, ile inayoonyesha kuanzia Burundi hadi Misri. Na kama kundini kwenu kuna mtu wa Kagera, Rwanda au Burundi, mpeni nafasi ya mbele kwenye boti.