Maswali Yenu Kuhusu Hisa za Maziwa Zilizoshuka Bei

Nilinunua hisa za a2 Milk ya New Zealand mwaka 2020, bei ikiwa juu kabisa. Nasubiri irudi pale niliponunulia ndipo niuze. Je, nafanya vyema? (Msomaji, Kisauni)

Ndugu yangu, bei uliyonunulia unaikumbuka wewe peke yako. Haimo katika hesabu za kampuni wala katika hesabu za yule atakayenunua kutoka kwako. Jiulize kama ungezinunua hisa hizo leo, kwa bei ya leo, lau mkononi ungekuwa na fedha taslimu.

Ili ujibu, tazama kilichoziangusha. Sehemu kubwa ya maziwa ya unga ya watoto ya kampuni hiyo ilifika China kupitia wachuuzi waitwao daigou, wengi wao wanafunzi na wageni waliokuwa wakinunua makopo Australia na kuyatuma kwao. Mipaka ilipofungwa mwezi Machi 2020, njia hiyo ilikatika, bidhaa zikalundikana maghalani, na kampuni ikapunguza makadirio ya mapato yake mara kadhaa, hata kufikia Mei 2021 hisa ikawa chini ya theluthi ya bei yake ya kilele. Hiyo ni sababu inayoweza kupita. Lakini ipo nyingine nzito zaidi: mwaka 2016 nchini China walizaliwa watoto zaidi ya milioni 17, na mwaka 2022 hawakufika milioni 10. Mwenye kungoja bei ya 2020 anangoja pia watoto ambao hawakuzaliwa, na kwa maoni yangu hapo ndipo pa kupimia uamuzi wako.

Watu hawaachi kunywa maziwa. Hisa zinashukaje? (Msomaji, Likoni)

Kampuni huishi kwa tofauti iliyopo kati ya bei inayomlipa mfugaji na ile inayopata dukani. Ukame ukipandisha bei ya mfugaji, huku wateja wakikataa kulipa zaidi, maziwa yatauzwa yale yale na faida itayeyuka.

Mbona hatuwezi kununua hisa za Brookside au New KCC? (Msomaji, Tudor)

Kwa sababu hazijaorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Brookside ni kampuni binafsi, nayo New KCC ni ya serikali.

Kaka yangu anasema bei ikishuka nusu tuongeze hisa, ili wastani wa gharama upungue. Je, ni sawa? (Msomaji, Mji wa Kale)

Kushuka kwa bei peke yake si sababu ya kununua. Mnamo Desemba 2016, kampuni ya utafiti iitwayo Muddy Waters iliishutumu China Huishan Dairy kwa kutia chumvi faida yake na kubeba madeni kupita uwezo. Wengi walipuuza. Tarehe 24 Machi 2017, hisa hiyo ilianguka kwa takriban asilimia 85 huko Hong Kong kabla ya saa sita mchana, kuuzwa na kununuliwa kwake kukasimamishwa, na mwaka 2019 ikaondolewa sokoni kabisa. Aliyenunua asubuhi ile kwa kuona bei ni rahisi alifungiwa ndani mchana ule ule.

Hata hivyo, si kila anguko ni mauti. Hisa ya Mengniu, kampuni ya maziwa ya China, ilipoteza takriban asilimia 60 kwa siku moja, Septemba 2008, baada ya kashfa ya melamini, kemikali ya viwandani, kutiwa katika maziwa, lakini kampuni ilisalimika na mwaka uliofuata ikapata mwekezaji mkubwa wa serikali ya China. Basi kabla ya kuongeza hata shilingi, mwombe kaka yako akuonyeshe katika taarifa za fedha ni deni kiasi gani linaiva mwaka huu, na kama fedha taslimu za kulilipa zipo. Akishindwa, msinunue.

Nilinunua hisa za kampuni ya maziwa ya ng'ambo kwa mkopo wa sako, na bei imeshuka. Nivumilie? (Msomaji, Changamwe)

La. Riba inaendelea hata bei ikilala, na wadhamini waliokutilia saini hawakukubali kubeba hatari ya soko la ng'ambo. Uza kiasi cha kutosha kulipa mkopo, hata kama utapata hasara, kisha ubaki na hisa ulizonunua kwa fedha zako mwenyewe. Kama thamani ya hisa zote haitoshi, nenda sako wiki hii uombe kupangiwa upya malipo, kabla mishahara ya wadhamini wako haijaanza kukatwa.