Kampuni ya BVI ukiwa Dar: malizana na kodi na benki kabla ya kusajili

Mkuu, umeuliza mambo matatu: kufungua kampuni British Virgin Islands (BVI, visiwa vya Karibiani vilivyo chini ya Uingereza) ukiwa Dar kunaanzia wapi, gharama ni kiasi gani, na kama ni kweli TRA hawataigusa faida yake. Naanza na la mwisho, maana hilo ndilo linalowaumiza wengi.

BVI haitozi kodi ya mapato ya kampuni, hilo ni kweli. Lakini kwa sheria yetu ya kodi ya mapato, kampuni ni mkazi wa Tanzania ikiwa imesajiliwa hapa, au ikiwa usimamizi wake umefanyika hapa wakati wowote ndani ya mwaka wa mapato. Kama mkurugenzi ni wewe peke yako, mikataba unasainia Mikocheni na malipo unayaidhinisha ukiwa Mikocheni, basi kikodi hiyo ni kampuni ya hapa na inadaiwa asilimia 30 ya faida kama kampuni yoyote ya Kariakoo. Kwa hiyo kama lengo lilikuwa kukwepa hiyo, hifadhi hela yako. BVI inafaa pale wabia wa nchi tofauti wanapotaka kushika hisa mahali pasipo pa yeyote kati yao, chini ya sheria yenye asili ya Kiingereza, ambako rufaa ya mwisho inakwenda Privy Council, mahakama iliyoko London.

Kama bado unaihitaji: huwezi kujisajilia mwenyewe. Lazima upitie wakala mwenye leseni ya Financial Services Commission (FSC), msimamizi wa huduma za fedha wa BVI, na majina yao yako kwenye tovuti ya FSC. Huyo dalali wa mtandaoni anayekuuzia "kifurushi" muulize wakala wake wa Tortola, kisiwa kikuu cha BVI, ni nani, kisha mtafute kwenye orodha. Ada ya serikali ya BVI ni dola 550 kwa kampuni yenye hisa zisizozidi 50,000, na 1,350 zikizidi hapo. Usiandikishe hisa milioni kwa ajili ya sifa. Ada ya wakala inaongezwa juu yake, na zote mbili zinarudi kila mwaka. Mkurugenzi mmoja na mwanahisa mmoja wanatosha, na anaweza kuwa mtu yuleyule.

Usajili wenyewe ni siku chache. Kinachokula wiki ni nyaraka zako. Nakala ya pasipoti lazima igongwe muhuri na wakili, na aandike jina lake, tarehe na kwamba ameiona pasipoti halisi. Muhuri mtupu unarudishwa. Uthibitisho wa makazi ndio kisiki hasa. Mawakala wanataka bili ya miezi 3 ya karibuni yenye anwani ya nyumba, wakati umeme wetu ni wa LUKU na taarifa ya benki inaonyesha S.L.P. tu, ambayo hawaipokei. Iombe benki yako barua inayotaja mtaa, kitalu na namba ya nyumba, na jina liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye pasipoti. Barua ya serikali ya mtaa nayo wapo wanaoikubali, ila itabidi itafsiriwe.

Usiri wa zamani sahau. Tangu Januari 2025 daftari la wanahisa na taarifa za wamiliki manufaa, yaani watu wanaomiliki kuanzia asilimia 10 ya kampuni, zinapelekwa kwa msajili wa kampuni wa BVI. Kila mwaka pia unampa wakala hesabu fupi ndani ya miezi 9 baada ya mwaka wa fedha kuisha. Kampuni iliyosajiliwa Januari hadi Juni inalipa ada kabla ya Mei kuisha. Ya Julai hadi Desemba, kabla ya Novemba kuisha. Ukichelewa kuna faini ya asilimia 10, ukizidi kuchelewa ni 50, halafu inafutwa. Siku hizi kufutwa ni kuvunjwa papo hapo, na mali iliyobaki kwa jina lake inaangukia serikali ya huko.

Benki sasa. Juni 2025 FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha, iliitoa Tanzania kwenye orodha ya kijivu, yaani ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, na kikao hichohicho kikaiingiza BVI. Ofisa wa benki akiona jina hilo atachimba zaidi: hela imetoka wapi, mteja ni nani, kwa nini kisiwa kile. Kabla ya kumlipa wakala hata senti, iandikie benki unayoilenga, uliza kama inapokea kampuni ya BVI yenye mmiliki anayeishi Tanzania, na wakujibu kwa maandishi. Wakikataa, ishia hapo. Kampuni isiyo na akaunti itaendelea kukudai ada kila mwaka.