Uanze na rangi, mstari au nafasi?

Ndugu, umeuliza uanze na kipi kati ya rangi, mstari na nafasi, kwa kuwa kila ukichambua picha unajikuta umeorodhesha tu vitu vilivyochorwa. Kwa maoni yangu, anza na mstari, kwa sababu ndio unaoliongoza jicho kabla hujatambua unachokitazama.

Chukua ile chapa (picha iliyochapwa kwa ubao uliochongwa) ya msanii wa Kijapani Hokusai, ya wimbi kubwa la Kanagawa, iliyotolewa Japani mnamo mwaka 1831 hivi. Mstari wa wimbi unapanda upande wa kushoto, unajikunja juu, kisha unavunjika kuwa vipindo vidogo vya povu vinavyofanana na makucha, na chini yake mashua zimelala zikifuata mkunjo wa maji, huku waliomo wakiwa wameinama. Hapo ndipo nafasi inapofanya kazi yake: Mlima Fuji, mrefu kuliko yote nchini humo, umewekwa mbali, chini kabisa katika bonde la mawimbi, hata ukiutazama kwa haraka unaweza kuudhania wimbi jingine lenye povu. Mimi mwenyewe sikuuona mara ya kwanza.

Rangi hapa ni chache, na buluu ya Prussia, yaani buluu iliyokolea, inayorudiwa majini na mlimani ndiyo inayoviunganisha viwili hivyo. Usikimbilie kuandika kwamba buluu ni huzuni. Eleza imewekwa wapi, imekolea kiasi gani na inapakana na rangi ipi.