Maswali ya Wasomaji: Ufundi wao, jicho lao

SWALI: Najifunza rangi za mafuta kwa kunakili kazi za mabingwa wa Ulaya. Ufundi wao naupenda, ila wanawake wao karibu wote wamewekwa watazamwe tu. Nitachukuaje ufundi bila kubeba na jicho lao? – Msomaji, Arusha

JIBU: Tafuta kisa kimoja kilichochorwa na watu wawili, unakili michoro yao sambamba. Kinachofaa sana ni Susana akiviziwa na wazee wawili anapooga: mchoro wa Tintoretto, mwanamume wa Italia (kama 1555, uko Vienna), na wa Artemisia Gentileschi, mwanamke wa Italia (1610, akiwa na miaka 17 hivi, uko Pommersfelden, Ujerumani).

Kwanza uwiano, maana vitabu hupenda kukata kingo za picha. Picha ya Tintoretto ina kimo cha sm 146 na upana wa sm 194. Ya Artemisia ni sm 170 kwa 119. Gawanya kwa kumi, kata karatasi mbili, kila upande ugawe sehemu nane upate vyumba vya mstatili. Finya macho, paka toni tatu tu: giza, kati, mwanga. Ukiongeza ya nne utaanza kuremba nywele na vito, usijue tena mwanga amepewa nani.

Kwa Tintoretto amepewa Susana, karibu wote. Yeye anajitazama kwenye kioo, hana habari. Wazee wamejibanza, mmoja chini pembeni, mwingine kule nyuma, na anayemwona vizuri kuliko wote wawili ni wewe uliyeshika brashi. Artemisia ameondoa bustani, akaacha ukuta wa mawe. Wazee wameshikana kuwa umbo moja zito linalomwinamia. Susana amejipinda, mikono juu, uso umekunjamana.

Hapo kwenye kujipinda ndipo wengi huharibu. Huilainisha mikunjo ya shingo na tumbo ili apendeze, kisha hushangaa mbona anaonekana anacheza ngoma. Mikunjo ndiyo inayoonyesha uzito wa mwili unaokwepa. Ukiifuta, mikono inabaki pambo.

Kabla ya kuhamia kwenye kanvasi, chora tena karatasi ya Tintoretto, safari hii mwanga uwapige wazee usoni. Usibadili kingine chochote. Kwenye kanvasi, tabaka la kwanza liwe jembamba, la amba (rangi ya kahawia ya udongo) na tapentaini. Mafuta ya kitani yaongezeke kadiri unavyopanda. Ukipindua mpangilio huo, tabaka la juu litakauka kabla ya la chini na kupasuka.

SWALI: Mgongo wa “La Grande Odalisque”, mwanamke uchi aliyejilaza akitupa mgongo, ya Mfaransa Ingres, nimeupima mara tatu, unatoka mrefu mno. Nakosea wapi? – Msomaji, Nairobi

JIBU: Hukosei. Picha hiyo ya 1814, iliyoko Louvre, ilipoonyeshwa mwaka 1819 wahakiki walilalamika kuwa pingili za uti wa mgongo zimezidi. Ingres alitaka mstari usiokatika kutoka shingoni hadi nyongani, na mifupa ikabidi impishe. Weka karatasi nyembamba inayoonyesha juu ya nakala, uchore mifupa: mguu wa kushoto hutapata pa kuufunga kwenye nyonga. Nakala usiisahihishe. Bandika karatasi ya mifupa pembeni yake.