Timu moja, miji mitatu: majibu kwa barua zenu

Barua za safari hii zimetoka Lubumbashi, kwa watu wa filamu na michoro wanaofanya kazi na wenzao walioko Kinshasa na Brussels.

Yaya, mkubwa wetu, tumerekodi saa tatu za picha hapa Katuba, na mhariri wetu yuko Kinshasa. Siku ya nne leo najaribu kumtumia. Umeme ukikatika naanza upya.

Acha kutuma picha nzito, ndugu yangu. Kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde inakupa gigabaiti 135 kwa hizo saa tatu. Tengeneza nakala nyepesi za megabiti 2 kwa sekunde: zote pamoja hazifiki gigabaiti 3, na utazituma usiku, fungu kwa fungu. Mhariri akate filamu kwa hizo, kisha akurudishie faili la mradi peke yake, yaani orodha ya mikato yake, ambalo ni dogo, ulifungue juu ya picha zako za asili. Majina ya mafaili yasibadilike hata herufi moja, wala idadi ya fremu kwa sekunde. Mimi nilikesha siku tatu nikiunganisha vipande kwa mkono kwa sababu mwenzetu aliyaona majina hayapendezi, akayapanga upya. Ikibidi picha za asili zisafiri, zitie kwenye diski mbili: moja umpe msafiri wa ndege, nyingine ibaki kabatini.

Mtayarishaji wetu wa Brussels anatuma vokali, yaani ujumbe wa sauti, ya dakika kumi: “Hapa pamekosa roho.” Tunabaki tunatazamana.

Kazi nyingi za mbali hufia hapo hapo. Mwombe kwa adabu aandike dakika na sekunde, alichokiona, na alichotarajia kuhisi. Namna ya kurekebisha awaachie ninyi. Maoni yaliyowahi kunifaa kuliko yote yalikuwa haya: “Dakika 4, sekunde 12. Mama anasonga bukari (ugali), mnakata kabla mwiko haujatoka sufuriani. Niacheni niuone.” Tuliongeza sekunde mbili tu, nilipotazama tena nikasikia njaa. Akikataa kuandika, sikilizeni vokali hadi mwisho, mwandikie mistari mitatu, “Tumeelewa hivi,” na msiguse kitu hadi ajibu.

Tukikubaliana saa nane, kila mtu anakuja kwa wakati wake.

Andikeni 14:00, na jina la mji. Anayehesabu kwa Kifaransa akisikia saa nane anafikiria asubuhi. Kinshasa iko nyuma yetu saa moja mwaka mzima. Brussels iko sawa na sisi tangu Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, halafu inarudi nyuma saa moja.

Mchoraji wetu amenyamaza wiki mbili. Tumtafute mwingine?

Bado. Mpigie simu, usimwandikie, na uulize kwanza habari za nyumbani. Mara nyingi mtu hana mega, yaani data ya intaneti, na anaona haya kusema. Mega ni gharama ya kazi kama mafuta ya jenereta: ziingie kwenye bajeti tangu mwanzo, na mtumie kila Jumatatu asubuhi, kabla hajaomba.