Gramafoni au DAC? Jibu kwa mwenye boksi la santuri za mzee

Mkuu umesema amplifaya na spika unazo, hela inatosha kitu kimoja, sasa ununue pleya ya santuri maana mzee kakuachia boksi zima, au ununue DAC, kile kifaa kinachogeuza faili la dijitali kuwa sauti ya kuingia kwenye amplifaya, upige mziki kutoka kwenye simu na kompyuta. Wadau hapo juu wamekujibu kishabiki, huyu vinili (yaani santuri) ni tamu, yule dijitali ndo safi. Mimi nyumbani ninavyo vyote na nakwambia hivi, angalia kwanza unataka kusikiliza NINI.

Kwa usafi wa sauti ubishi uliisha CD ilipotoka 1982, hakuna mikwaruzo wala sindano ya kuchakaa. Anayekwambia sikio lake linainasa dijitali fasta muulize kuhusu sakata la Mobile Fidelity kule Marekani, Julai 2022, jamaa wanauza LP (santuri kubwa) za bei mbaya kwa mashabiki wa analogi tupu, kumbe tangu 2011 sahani zao nyingi zilikuwa zinapitia dijitali kabla ya kuchongwa, na waliokuwa wanazisifia wala hawakushtuka. Kwa hiyo nyimbo za siku hizi zilizopikwa kwenye kompyuta, bongofleva sijui amapiano, kuzinunulia LP ni kununua faili lile lile kwenye plastiki, labda kama unapenda kava ukutani, hapo sikuingilii.

Sasa sahani za mzee ni kesi nyingine kabisa. Bendi zetu za dansi zilirekodi sana RTD (Radio Tanzania Dar es Salaam), na santuri zao nyingi zile ndogo za spidi ya mizunguko 45 kwa dakika zilitengenezwa kiwandani Nairobi. Ukizitafuta mtandaoni nyingi unakuta mtu karekodi sahani yake iliyochoka, au kanda aliyoinasa redioni, halafu YouTube nayo ikaibana tena. Kopi yako ikiwa nzima uko karibu na kanda ya studio kuliko hilo faili. Na zile 45 wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili, upande A unafifia pale gitaa zinapoanza kuchangamka, unanyanyuka, unageuza, upande B ndo chemko lenyewe. Kuna mafaili upande B haumo kabisa! Yaani unasikiliza mashairi unanyimwa chemko.

Ila ukienda kununua pleya ya mtumba kuwa makini, hapa ndo watu wanapigwa. Zile zinazotoka Marekani ni 120V, 60 Hz (hizo Hz ni mapigo ya umeme kwa sekunde). Muuzaji atakwambia weka transfoma tu. Transfoma inashusha volti, haibadilishi Hz, na mota nyingi za zamani za AC spidi yake inafuata Hz za umeme, sisi tuna 50, kwa hiyo sahani inayotakiwa kuzunguka mara 33 na kidogo kwa dakika itazunguka kama 28, mwimbaji anatoka na sauti nzito anaburuza kama kaamshwa usingizini. Baadhi zinatibika kwa kubadili pulii ya mota. Za mota ya DC kama Technics SL-1200 hazina shida hiyo, wewe hangaika na volti tu. Za Japan ni 100V, na nchi yao yenyewe imegawanyika, Tokyo 50 Hz, Osaka 60, soma kibandiko cha nyuma usisikilize maneno.

Pili, sindano inatoa umeme kiduchu, milivolti 5 hivi, ukichomeka kwenye AUX utasikia mziki uko mbali na besi hamna, lazima upite prii-ampu ya phono, yaani kifaa cha kukuza na kusawazisha sauti ya sindano. Na ule waya mwembamba wa athi usiuache unaning'inia, utapata mvumo mpaka uchukie.

Ndani ya boksi ukikuta zile nzito zinazovunjika kama kigae, zimeandikwa 78, taarabu ya kale huko, Siti binti Saad alienda kurekodi Bombay 1928 kwenye aina hiyo, usizipige kwa sindano ya LP, zina sindano yake nene. Na usizifute kwa spiriti, zinayeyuka! Za vinili osha kwa maji ya betri (yale ya kuongezea, SIO asidi) na tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, usiloweshe lebo.

Kwa hela ya kitu kimoja ningeanza na dijitali, kwa sababu bei yake ni rahisi mno. Ile adapta ndogo ya Apple ya USB-C kwenda jeki, Marekani ni dola 9, ni DAC nzuri tu, ingawa kwenye baadhi ya Android sauti inatoka ndogo. Chenji inayobaki anza kuwekea pleya ya maana, na usikubali zile za kibegi zenye spika ndani, mkono wake wa sindano ni mzito, unazilima sahani na hizo za mzee hupati nyingine.

Alafu hujasema amplifaya yako ni ipi. Angalia nyuma kama kuna matundu yameandikwa PHONO na skrubu ya GND (ya ule waya wa athi) pembeni, kama yapo hela ya prii-ampu umeokoa, tupia picha hapa tuone.